Uzoefu wangu: ramani ya Explorer OL25, Seaford hadi Eastbourne kwa miguu

Nyota 4 kati ya 5. Ni ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani la Uingereza, jalada la rangi ya chungwa, skeli 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Nimeitumia kwenye pwani ya Sussex, kusini mwa Uingereza, kutoka stesheni ya Seaford hadi stesheni ya Eastbourne: takriban kilomita 22 ukipitia daraja la Exceat.

Thamani yake iko kwenye mistari myembamba myeusi ya mipaka ya mashamba. Landranger, ramani nyingine ya shirika hilohilo, ile ya jalada la pinki yenye skeli 1:50,000, haina mistari hiyo. Ukiwa katikati ya malisho na huoni kibao chochote, unahesabu nyua za mashamba: umevuka mmoja, wa pili uko kushoto, basi lango liko kwenye kona ile. Vistari vya kijani ni njia ambazo sheria inakuruhusu kupita. Vifupi ni vya waendao kwa miguu tu, na nguzoni utaona mshale wa njano; virefu hupitiwa na farasi na baiskeli pia, mshale wake ni wa bluu. Wengi hukosea kwenye vistari vyeusi. Hivyo vinasema njia ipo, havisemi una haki ya kuipita.

Sehemu ya kusoma kwa makini ni mdomo wa mto Cuckmere. Kwenye karatasi ng'ambo ni karibu mno, unaona kama utaruka tu. Hakuna daraja pale, na mkondo una nguvu. Fuata mto kwenda bara karibu kilomita 2 hadi Exceat, vuka, kisha urudi pwani umbali kama huo. Anayepima njia kwa rula iliyonyooka hupunjika kilomita 4 hapa, na jioni anashangaa treni imemwacha. Pima kwa uzi, ukiulaza juu ya kila kona.

Baada ya hapo ni Seven Sisters, msururu wa majabali ya chaki, mwamba mweupe laini, kando ya bahari. Jina linasema dada saba, lakini ukihesabu vilele kwenye kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, unapata vinane. Kontua zimepishana mita 5, na kilele cha juu kabisa, Haven Brow, kina mita 77 tu. Usidharau, unapanda na kushuka mfululizo mpaka Birling Gap, kisha unapanda tena hadi Beachy Head, mita 162. Mimi hukadiria saa 1 kwa kila kilomita 5, naongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, na mapumziko mbali. Mvua ikinyesha ongeza zaidi: chaki ikilowa inateleza kama sabuni.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kwanza, ukingo wa majabali ya chaki humomonyoka kila mwaka, na karatasi haiwezi kwenda sawa nao. Mnara wa taa wa zamani wa Belle Tout ilibidi usogezwe mita 17 kwenda bara mwaka 1999. Mstari wa njia ukikaribia ukingo, tembea mbali nao, maana chini ya nyasi panaweza kuwa patupu. Pili, ukiifungua yote kwenye upepo wa pale juu unashika tanga la jahazi. Ikunje ukiwa bado ndani, kipande cha siku hiyo kiwe juu, uitie kwenye mfuko wa plastiki. Mikunjo ndiyo huchanika kwanza. Ibandike utepe wa gundi kwa nyuma mapema. Lipo toleo lisiloingia maji, ila ni zito na gumu kukunja.

Ndani ya jalada kuna namba ya siri ya kukwangua, ya kupakulia ramani hiyohiyo kwenye simu. Ipakue nyumbani, si kilimani.

Miguu ikigoma, igome Exceat: basi namba 12 la Brighton na Eastbourne linasimama hapo.