Nunua Altezza yenye sura mbaya

Kwa mtu wa mshahara wa kawaida anayetaka gari la kuanzia mradi, yaani la kulitengeneza polepole na kulifurahia barabarani, hapa Tanzania, jibu langu ni Toyota Altezza RS200 ya manyuali. Ila si Altezza yoyote. Zile zilizoshushwa mpaka bampa linalamba lami, zenye ekzosi ya kuamsha mtaa mzima, waachie wenyewe. Nyingi ni miradi ya mtu aliyeishiwa hela katikati, sasa anatafuta wa kumrithisha shida.

Yangu nimeinunua Dar, ya mkononi, namba C. Rangi ya fedha imefifia na kwenye boneti imeanza kubanduka. Rimu ni zile zile za kiwandani za inchi 17, ekzosi haijaguswa, redio ni ya Kijapani bado. Dalali alikuwa anaionea aibu kabisa. "Mkuu, kuna nyeusi pale imeshapendezeshwa, unaongeza mbili tu unaondoka nayo." Nikamwambia hiyo nyeusi atafutie mtoto wa mjini. Alianza na milioni 12, tukafunga kwenye 10 na nusu, kadi ikiwa na jina la muuzaji mwenyewe. Kwa magari haya hiyo ni nyota ya jaha, maana mengi yamepita mikono mingi bila mtu kukanyaga TRA kubadilisha umiliki. Na kabla ya kutoa hata shilingi, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa madeni ya trafiki. Faini haijali nani alikuwa anaendesha.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Altezza za sedani ziko za aina mbili. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda 6, na chesisi yake inaanza na GXE10. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda 4, chesisi SXE10. Watu wakisikia sita wanadhani ndiyo kali. Wapi! 3S-GE ya manyuali ilitoka kiwandani na farasi 210, ile 1G ni 160 tu. Kwa hiyo usisome nembo iliyobandikwa nyuma, nembo inauzwa Kariakoo. Fungua boneti, soma kibati cha chesisi, kisha hesabu koili za plagi: zikiwa nne zimekaa kwenye kava jeusi, endelea na mazungumzo.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Mimi nilipofika niliweka kiganja kwenye boneti kwanza, ikawa ya baridi, ndipo nikamwambia awashe. 3S-GE hii ina VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, pande zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, na ile ya upande wa ekzosi ikichakaa inapiga kelele injini ikiwaka baridi, kama kokoto ndani ya kopo, halafu oili ikishapanda inanyamaza. Muuzaji mjanja anaipasha moto mapema ili usisikie. Yangu ilipiga, kidogo. Nikaitumia kushusha laki kadhaa, kwa sababu gari bado linatembea na ugonjwa huo, lakini spea yake si ya bei ya njugu.

Mkanda wa taimingi usiulize ulibadilishwa lini, utaambiwa "juzi tu, kaka." Chukulia haujawahi kubadilishwa, uweke kwenye bajeti pamoja na wota pampu na beringi zake. Kwenye injini hii mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni, na hapo mradi umegeuka kuwa matanga. Angalia na oili pia, hizi injini zinapenda kuila. Moshi wa bluu ukitoka unapokanyaga tena baada ya mteremko mrefu, rudisha ufunguo, sema asante, ondoka.

Kwenye bodi nilikwenda na sumaku ya friji. Fenda ya nyuma kushoto sumaku iliteleza ikaanguka chini, hapo pamepigwa puti. Fundi niliyekwenda naye akalala chini kuangalia reli za chesisi, zilikuwa zimenyooka. Puti ya fenda naivumilia. Reli iliyopinda siinunui hata kwa bei ya bodaboda.

Sasa raha yenyewe. Giaboksi ni ya gia sita, imetengenezwa na Aisin, ndugu wa ile iliyofungwa kwenye Nissan Silvia S15. Rungu lake ni fupi, linaingia kwa mkato. Udhaifu wake unajulikana: gia ya tatu. Wakati wa kujaribu, panda kutoka ya pili kwenda ya tatu kwa haraka, injini ikiwa juu. Ikisaga, bei ishuke au muachane. Nguvu zinakwenda nyuma, miguu ya mbele na nyuma yote ni dabo wishibon, yaani kila tairi imeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na mhandisi mkuu wake, Nobuaki Katayama, alilitengeneza gari hili liwe jepesi na la kuendeshwa. Ukiwa kwenye kona unalielewa. Usukani unakuambia tairi inafanya nini.

Nililipeleka Tanga siku hiyo hiyo kwa kupitia Chalinze na Segera. Vijijini ni 50, na tochi zipo kila mahali, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba atakimbia. Lakini kati ya Mkata na Segera niliipandisha mara chache mpaka juu ya mzunguko 6,000, na hapo ndipo inapoamka. Chini ya 4,000 ni gari la ofisini tu. Mshale wa joto, kile kigeji kidogo kilichowekwa ndani ya spidomita kama cha saa ya mkononi, haukutikisika njia nzima.

Mafuta inakunywa. Mwenye kutaka nafuu anunue IST, simcheki.

Wataalamu wa kijiweni wameshanishauri nitoe injini niweke 1JZ yenye tabo, injini kubwa ya Toyota ya silinda 6. Nafasi ipo, Toyota wenyewe waliweka ndugu yake, 2JZ ya lita 3, kwenye mwili huu wa Altezza. Lakini giaboksi hii haitaubeba mzigo huo, na ukishabadilisha injini, giaboksi, shafti na difu, umenunua gari la pili kwa bei ya gari la tatu. Mpango wangu ni mwepesi: mkanda, bushi zote, shokapu, breki, tairi nzuri za 215/45, halafu ndipo difu ya Torsen, inayozuia tairi moja ya nyuma kuzunguka bure, kama itapatikana kwa wauza spea za kukata pale Ilala. Walionitajia bei mpaka sasa naona wanauza na undugu wa Toyota ndani yake.

Rangi itakuwa ya mwisho. Kwa sasa vijana wa car wash wananiambia "mzee, hii ipige rangi," na kwenye taa wenye Crown wananipita bila hata kugeuka. Sawa tu.