Dave's Redistricting kwenye ramani ya North Carolina: nguvu zake, na pale alama zake zinapopotosha

Mwaka 2024 Donald Trump alishinda North Carolina kwa karibu asilimia 51 ya kura. Siku hiyohiyo wapiga kura wa jimbo hilo walimchagua Josh Stein, Mdemokrat, kuwa gavana kwa karibu asilimia 55. Lakini viti 14 vya jimbo hilo katika Baraza la Wawakilishi la Kongresi ya Marekani vilikwenda 10 kwa Warepublikan na 4 kwa Wademokrat. Mwaka 2022, chini ya ramani iliyochorwa kwa usimamizi wa mahakama, jimbo hilohilo lilitoa 7 kwa 7. Kati ya chaguzi hizo mbili kilichobadilika zaidi ni mipaka ya maeneo ya uchaguzi. Ukitaka kuelewa mchezo huo kwa undani, usiishie kusoma habari. Kaa uchore mipaka mwenyewe. Kwa kazi hiyo, Dave's Redistricting ndiyo programu ya bure ninayoipendekeza kuliko nyingine zote.

Inafanya kazi ndani ya kivinjari, hakuna cha kusakinisha. Iliasisiwa na Dave Bradlee, mhandisi wa programu, na imekuwa ikiendelezwa tangu kabla ya sensa ya 2010. Ramani zilizochapishwa unaweza kuzitazama tu, lakini kuhifadhi kazi yako kunahitaji akaunti, nayo ni bure. Menyu ziko kwa Kiingereza pekee. Kwenye simu utatazama, ila kuchora ni mateso: kidole kinafunika kaunti nzima. Tumia kompyuta yenye kipanya. Na kama unanunua intaneti kwa bando, fungua jimbo mara moja ufanye kazi yote kwa kikao kimoja, maana data ya jimbo kubwa ni nzito kupakia.

Ramani mpya inaanza na mambo matatu: jimbo, aina ya ramani (Kongresi, seneti ya jimbo au baraza la chini la jimbo), na idadi ya wilaya. Hapa ninasema "wilaya" kwa maana ya eneo linalochagua mbunge mmoja wa Kongresi, kwa sababu neno "jimbo" tumeshalitumia kwa North Carolina yenyewe. Chagua wilaya 14. Programu itagawanya watu 10,439,388 wa sensa ya 2020 na kukupa lengo la watu 745,671 kwa wilaya. Ukitaka usawa kamili, hesabu inatoka wilaya 8 zenye watu 745,671 na 6 zenye 745,670. Msomaji wa Kenya atashangaa, kwani ibara ya 89 ya katiba yao inaruhusu eneo bunge kupishana na wastani kwa asilimia 30, na hadi 40 katika miji na maeneo yenye watu wachache. Kwa wilaya za Kongresi, mahakama za Marekani zinadai tofauti ikaribie sifuri.

Brashi ina viwango vitatu: kaunti, eneo la kituo cha kura, na kitalu cha sensa (kipande kidogo kabisa cha ardhi ambacho sensa hutolea takwimu). Tumia vyote kwa mpangilio huo. North Carolina ina kaunti 100, na mbili kati ya hizo ndizo zinazoamua kila kitu: Wake, yenye Raleigh, ina watu 1,129,410, na Mecklenburg, yenye Charlotte, ina 1,115,482. Kila moja inazidi wilaya moja, kwa hiyo hakuna namna ya kuiacha nzima. Ukitoa wilaya moja kamili ndani ya Wake, wanabaki watu 383,739; Mecklenburg wanabaki 369,811. Mabaki hayo ndiyo nyama ya ramani. Ukiyaunganisha na miji jirani unapata matokeo ya aina moja. Ukiyagawa vipande na kuvibandika kwenye kaunti za mashambani unapata matokeo mengine kabisa. Anza na hizo mbili, kisha Guilford yenye Greensboro (watu 541,299), kabla hujagusa milima ya magharibi au pwani. Anayeanzia pembeni akielekea katikati hujikuta na wilaya ya mwisho iliyotapakaa kama maji yaliyomwagika, na hapo hana budi kufuta nusu ya kazi.

Wilaya iliyokamilika ifunge kwa kufuli lake, la sivyo mpako mmoja wa brashi utaiba maeneo kutoka kwa jirani bila wewe kuona. Kuna kitufe cha kutafuta maeneo ambayo hayajapangiwa wilaya. Kitumie kila baada ya hatua chache, kwa sababu eneo dogo lililosahaulika ndani ya mji mkubwa halionekani kwa macho. Mstari wa takwimu unaonyesha papo hapo tofauti ya idadi ya watu, mgawanyo wa kura za vyama na mchanganyiko wa rangi za wakazi wenye umri wa kupiga kura. Kasi hiyo ndiyo sifa kuu ya programu: unahamisha eneo moja, namba zinabadilika, unaona gharama ya uamuzi wako.

Kuhusu usawa wa mwisho, nasaha moja. Kushuka hadi vitalu vya sensa ili tofauti iwe mtu mmoja kunachukua muda mrefu kuliko kuchora ramani nzima, na kwa anayejifunza hakuna faida. Katika takwimu za 2020, Ofisi ya Sensa ya Marekani ilichanganya namba za vitalu makusudi ili kulinda siri za kaya. Jumla ya jimbo ndiyo iliyoachwa bila kuguswa. Usawa unaokaribia kamili ni sharti la kisheria, lakini kwenye ngazi ya kitalu hauelezi watu halisi waliopo. Ishia kwenye maeneo ya vituo na uridhike na tofauti ya mamia machache. Sababu ya pili ni kura zenyewe: matokeo yanatangazwa kwa eneo la kituo, na programu huyakadiria kuyashusha kwenye vitalu. Kila unapokata eneo la kituo katikati, asilimia za vyama unazosoma zimekuwa makadirio.

Sasa tuje kwenye ukurasa wa uchambuzi, ambao watu wanaupenda na ambao unahitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Ramani inapewa alama 0 hadi 100 kwenye vigezo vitano: uwiano wa viti na kura, ushindani, nafasi ya jamii za wachache, mshikamano wa umbo, na kukatwa kwa kaunti. Vigezo vinachorwa pamoja kwenye mchoro wa pembe tano, na mtu anaweza kufikiri kwamba mchoro mpana ni ramani ya haki. Sivyo.

Chukua mshikamano wa umbo, unaopimwa kwa vipimo vya Reock (eneo la wilaya dhidi ya duara dogo kabisa linaloizunguka) na Polsby-Popper (eneo dhidi ya urefu wa mpaka). Historia ya North Carolina ilifundisha watu kutafuta nyoka: wilaya ya 12 ya mwaka 1992 ilitambaa kando ya barabara kuu ya I-85 kwa zaidi ya kilomita 200, na ikazaa kesi ya Shaw dhidi ya Reno, kuhusu wilaya zilizochorwa kwa kufuata rangi za wakazi, iliyoamuliwa 1993. Tangu hapo wachoraji wameerevuka. Ramani ya 2016 ilichorwa upya baada ya mahakama kukataa wilaya za 1 na 12 kwa sababu ya matumizi ya rangi. Maumbo yake yalikuwa nadhifu zaidi, ilhali David Lewis, mbunge aliyeisimamia, alisema hadharani kwamba lengo ni viti 10 vya Warepublikan wenzake kwa 3 vya Wademokrat (wakati huo viti vilikuwa 13) kwa sababu hakuona njia ya kupata 11 kwa 2. Hila ya siku hizi haina mkia wala pembe. Wilaya inaweza kuwa ya mviringo mzuri na bado ikawa imekata mji vipande vitatu. Kwa hiyo alama ya umbo isome mwisho kabisa. Ya uwiano na ya kaunti zilizokatwa zisome kwanza, halafu rudi kwenye ramani uulize ni kaunti zipi zilizokatwa. Kukata Wake ni lazima. Kukata Guilford ni uamuzi.

Alama ya ushindani inahesabu wilaya ambazo kila upande una kati ya asilimia 45 na 55, na hapo matokeo yanategemea uchaguzi gani umechagua kama kipimo. Programu inakuruhusu kubadili. Mwaka 2020 Trump alipata North Carolina kwa pengo la takriban asilimia 1.3, huku Roy Cooper, Mdemokrat, akishinda ugavana kwa zaidi ya asilimia 4. Wilaya ileile inaweza kuonekana ya Warepublikan ukitumia kura za urais na ya Wademokrat ukitumia za ugavana. Tumia mchanganyiko wa chaguzi kadhaa ulioandaliwa na programu, halafu pima tena kwa urais peke yake na ugavana peke yake. Wilaya inayogeuka rangi kati ya vipimo hivyo ndiyo yenye ushindani kweli.

Kosa ninaloliona likirudiwa sana ni watu kuchukua kura za wagombea wa Kongresi wenyewe, kuzijumlisha jimbo zima, na kuzilinganisha na viti. Kwa North Carolina ya 2024 hesabu hiyo imeoza kwenye mzizi: katika wilaya ya 3 na ya 6 Wademokrat hawakuweka mgombea. Maelfu ya wapiga kura wao hawana mahali pa kuonekana. Kura za jimbo zima, kama urais, ugavana na mwanasheria mkuu, ndizo kipimo salama.

Kuna mambo ambayo ramani haiwezi kukuambia hata ukiipaka kwa ustadi gani. Kambi za Fort Bragg kaunti ya Cumberland na Camp Lejeune kaunti ya Onslow zinahesabiwa kikamilifu kwenye sensa, lakini wanajeshi wengi wamejiandikisha kupiga kura kwao walikotoka. Wilaya mbili zenye watu sawa zinaweza kuwa na wapiga kura wanaotofautiana mno. Na wilaya ya 9 mwaka 2018, ambako pengo la kura 905 lilifutwa baada ya udanganyifu wa kura za posta kugunduliwa kaunti ya Bladen na uchaguzi kurudiwa Septemba 2019, inakumbusha kwamba mipaka ni sehemu moja tu ya safari ya kura.

Sehemu yenye manufaa makubwa kwa mwandishi wa habari au mwalimu ni kuingiza ramani rasmi. Bunge la jimbo huchapisha faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye safu mbili: namba ya kitalu yenye tarakimu 15, na namba ya wilaya. Faili lina mistari zaidi ya 200,000. Usilifungue kwa Excel kisha ukalihifadhi. Excel inageuza namba ndefu kuwa 3.7E+14, na ukihifadhi hivyo tarakimu za mwisho zinapotea. Programu itakataa faili au itaacha ramani tupu. Kwa North Carolina, ambayo namba za vitalu vyake zinaanza na 37, utapoteza tarakimu za mwisho. Kwa California, inayoanza na 06, utapoteza pia sifuri ya mbele. Lifungue kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, au liingize moja kwa moja bila kuligusa.

Districtr, inayotoka kwa MGGG, kundi la watafiti wa hisabati ya mipaka ya uchaguzi, ni nyepesi zaidi na inafaa darasani pale lengo ni kuchora jamii na kujadiliana, lakini uchambuzi wake wa vyama haufiki mbali. Maptitude ndiyo inayotumiwa na mabunge ya majimbo, North Carolina ikiwemo. Ni ya kulipia na ya kusakinisha, na kwa raia wa kawaida haina sababu.

Jaribio zuri la kuanza nalo lipo tayari. Oktoba 2025 bunge la jimbo lilichora upya wilaya za 1 na 3 za mashariki. Gavana hana kura ya turufu dhidi ya ramani, kwa hiyo ilipita bila sahihi yake, na Novemba 2025 mahakama ya shirikisho ilikataa kuisimamisha. Don Davis, Mdemokrat, alikuwa ameshinda wilaya ya 1 kwa pengo dogo mwaka 2024. Fungua ramani ya 2023 upande mmoja na ya 2025 upande mwingine, kisha hamisha kaunti moja moja: Wilson na Wayne zikienda wilaya ya 3, Craven na Carteret zikija wilaya ya 1. Baada ya kila kaunti andika asilimia ya Wademokrat katika wilaya ya 1 na idadi ya wakazi weusi wenye umri wa kupiga kura. Fanya hivyo kwa kura za urais 2020 kwanza, kisha za ugavana, na angalia ni kaunti ipi iliyoishusha wilaya chini ya asilimia 50 kwa kila kipimo.