Rivyu ya kipimo cha DNA cha familia: nyota nne, na moja ni ya yule nesi aliyemrudisha mke wangu nyumbani

Kabla sijalipa nilisoma rivyu za watu karibu zote na nusu yake wanalia kitu kimoja, ati usumbufu wa vitambulisho. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, nilishaanza hata kuandika ya nyota moja. Nikaifuta. Jina la kampuni siliweki manake sikuja hapa kumtangazia mtu biashara wala kumharibia.

Hali yenyewe ni hii. Mimi niko Leicester, Uingereza, mke wangu na binti yetu Salma wako Mariakani, karibu na Mombasa, na tunawaombea viza waje huku. Cheti cha kuzaliwa cha Salma kilichukuliwa akiwa ashatimiza miaka minne, mambo yetu yale unayajua, kesho kesho mpaka mtoto anaanza shule. Wakili akaniambia DNA si lazima lakini kwa cheti kilichochelewa kama hiki ukiwa nayo unafunga mjadala. Basi nikalipa kwa kadi, pauni mia tatu na ushee, na hapo bado malipo ya kliniki ya Mombasa hayamo.

Unachopata kwa hio pesa: bahasha, fomu, na vijiti vya pamba. Hakuna sindano. Mimi mate yangu yalichukuliwa kliniki moja hapa mjini, nesi akaangalia pasipoti, akaniangalia mimi, akaangalia pasipoti tena, akanipiga picha palepale, nikaweka sahihi na yeye akaweka yake, akanisugua ndani ya mashavu, akafunga bahasha mbele yangu na kuisaini juu ya kifuniko. Nikamwambia nipe niipitishe posta nikienda kazini. Akacheka, akasema hapana hio naituma mimi. Dakika kumi. Hapo nilikuwa naona ni vituko tu vya wazungu.

Sasa Mombasa. Mke wangu katoka Mariakani asubuhi na mtoto ana mafua, matatu imekwama Changamwe kama kawaida, kufika kliniki kumbe kitambulisho amekiacha nyumbani, ana kopi. Nesi akakataa. Si kwa ubaya, alimwambia "Pole mama, bila orijino siwezi hata kufungua hii pakiti." Simu niliyopigiwa hio siku wallahi sitaisahau: "Baba Salma, hawa watu wako ni wa aina gani? Mtoto ni huyu hapa, pua ni yako, karatasi ya nini tena?" Nikakasirika kwa niaba yake, nikawaandikia kampuni imeli ndefu yenye maneno ya moto.

Aliyenituliza ni mzee mmoja wa Kihindi tunayefanya naye kazi ghalani, kwao Jinja, walikuja hapa 1972 Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake bado kipo ingawa kina kutu. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Wewe unakaa wapi?" Nikasema si unajua, Narborough Road. "Na Narborough unaijua?" Nikasema ni jina la barabara. Akatikisa kichwa akaniambia bwana mdogo, hio barabara inaenda kwenye kijiji, na hicho kijiji ndicho sababu ya nesi wako kukataa kopi.

Basi ikabidi nisome, na nikakesha.

Hii DNA ya kutambua watu imezaliwa hapahapa Leicester, chuo kikuu ambacho napita nyuma yake kila Jumapili. Mwanasayansi Alec Jeffreys, Jumatatu tarehe 10 Septemba 1984 saa tatu na dakika tano asubuhi, alitoa filamu ya eksirei kwenye kemikali akaona mistari, ile kama mistari ya bei kwenye bidhaa za supamaketi, na kila mtu ana mpangilio wake ila mtoto mistari yake unaiona nusu kwa mama nusu kwa baba. Na kazi ya kwanza ya hicho kitu haikuwa mauaji. Ilikuwa uhamiaji, kama mimi! Mwaka 1985 kuna kijana familia yake ni ya Ghana, alikuwa anarudi Uingereza kwa mamake, wakubwa wakatilia shaka karatasi zake, wakasema huyu si mtoto wa huyu mama. Jeffreys akapima damu ya mama na ya ndugu zake, babake hakupatikana, na mistari ikasema mtoto ni wa mama huyu. Akaachiwa akae.

Sasa mauaji. Novemba 1983 msichana wa miaka 15, Lynda Mann, alibakwa na kunyongwa kwenye kijia cha Narborough. Julai 1986 mwengine wa miaka 15, Dawn Ashworth, akauliwa vilevile kwenye kijia cha Enderby, kijiji jirani kabisa. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, wakamhoji, na huyo kijana akakiri mauaji ya Dawn. Amekiri kwa mdomo wake jamani. Ya Lynda akakataa. Polisi wanaamini muuaji ni mmoja kwa zote mbili, wakasikia kuna mwanasayansi mjini, huyohuyo Jeffreys, ana kipimo cha mistari, wakampelekea shahawa zilizotoka kwenye miili yote miwili na damu ya kijana, nia yao ni kumfunga kwa zote mbili.

Majibu yakaja. Muuaji ni mmoja kweli. Na si huyu kijana.

Hebu fikiria wewe ndio polisi, una mtu amekiri, halafu mtu wa maabara anakwambia muachie. Hawakuamini, maabara ya serikali ikarudia, jibu lilelile. Kijana akatoka Novemba 1986, na ndio mtu wa kwanza duniani kusafishwa na DNA kwenye kesi ya mauaji. Mimi hapa ndipo niliposimama kidogo nikanywa maji, manake watu wakisikia DNA wanafikiria kukamata, kumbe ilianza kwa kuokoa, mara mbili, yule wa Ghana na huyu.

Polisi wakabaki mikono mitupu, na afisa aliyekuwa anaongoza, David Baker, akaamua jambo ambalo halikuwahi kufanywa popote, wanaume wote vijana wa vijiji vile waje watoe damu na mate kwa hiari yao. Januari 1987 wakaanza. Walikuja zaidi ya 5,000. Na usidhani wote walipimwa DNA, kipimo cha wakati huo kilikuwa cha wiki na wiki, unakata DNA kwa vimeng'enya, unaitandaza kwenye jeli, unaihamishia kwenye karatasi ya nailoni, unaiwekea mionzi, unasubiri filamu. Na kilitaka sampo kubwa, si mate ya kijiti hiki cha kwangu. Kwahivo walianza na makundi ya damu ya kawaida, muuaji alikuwa kundi A na alama nyingine ambayo pamoja unazikuta kwa kama mwanamume mmoja kati ya kumi, waliobaki kwenye chujio ndio wakaenda kwa DNA. Miezi imepita. Hakuna aliyelingana. Hata mmoja.

Sababu? Mwoka mikate anaitwa Colin Pitchfork alimwambia mwenzake wa kazini, nenda ukanitolee damu, mimi nishatoa kwa jina la rafiki yangu mwenye rekodi ya zamani, asisumbuliwe na polisi. Wakaichukua pasipoti ya Pitchfork, wakabandua picha, wakabandika ya mwenzake. Yule akaenda akakaa kwenye foleni, akatoa pasipoti, afisa akaangalia picha akaangalia uso, sawa, akatoa damu, akasaini jina la Pitchfork, akaenda zake. Damu ikapimwa vizuri kabisa. Maabara haikukosea kitu, ila jina juu ya chupa lilikuwa la mtu mwengine.

Yaani nilipofika hapo nikaona aibu na ile imeli yangu. Yule kijana wa Ghana karatasi zake zilitiliwa shaka na zilikuwa za kweli. Ya Pitchfork ilikuwa imechezewa na ikapita.

Kilichomkamata hatimaye ni mdomo. Agosti 1987 wafanyakazi wa duka la mikate wako baa, yule mwenzake akaropokwa kwamba alimtolea Pitchfork damu, mwanamke mmoja aliyekuwa pale akasikia, ikamkaa rohoni wiki kadhaa kisha akaenda polisi. Tarehe 19 Septemba wakamkamata, akakiri, na safari hii hawakutosheka na kukiri, walichukua damu yake kwanza, ikalingana. Januari 1988 akahukumiwa maisha, mtu wa kwanza kufungwa kwa mauaji kwa ajili ya DNA. Aliachiwa 2021 na mwaka huohuo wakamrudisha ndani, lakini hio ni habari nyengine.

Turudi kwenye rivyu. Sasa naelewa ninacholipia. Kupima kwenyewe siku hizi ni kitu chepesi, wanaizidisha DNA kwenye mashine mpaka inakuwa nyingi, wanalinganisha alama ishirini na kitu, sisi majibu yalitoka siku ya sita ya kazi tangu bahasha ya Mombasa ifike. Hio hata kampuni nyengine itakufanyia. Pesa yangu iko kwa yule nesi, kwa picha aliyonipiga palepale ambayo imebandikwa kwenye ripoti pamoja na ya Salma na ya mamake, manake pasipoti unaweza kuibandua picha, lakini picha iliyopigwa mbele ya kijiti utaibanduaje, na ripoti anayeisoma anaiona sura iliyotoa mate. Ndio maana pia ile bahasha hawakupi uipitishe posta mwenyewe. Zile pakiti za kujipima nyumbani za bei rahisi hazina mambo haya, na ofisi ya viza haizikubali, msije mkapoteza pesa.

Niliwaandikia kampuni tena kuomba radhi. Hawakujibu, kama vile hawakuijibu ile ya kwanza, na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Kastama keya yao ni muziki wa simu tu, mara nne nimesikiliza ule muziki mpaka nimeushika. Halafu nauli ya safari ya pili ya Mombasa ni yangu, kwenye maelekezo wameandika "kitambulisho" bila kusema orijino, wangeongeza neno moja tu lile mke wangu asingelala na hasira.

Safari ya pili alikwenda na orijino zote na za ziada, hadi kadi ya kliniki ya Salma ya utotoni. Nesi ni yuleyule, akamkumbuka. Salma alidhani kijiti ni pipi, akakiuma.