Nililipia salep, nikakorogewa wanga: darasa la aiskrimu ya Kituruki mjini Istanbul

Darasa nililohudhuria mjini Istanbul kiangazi kilichopita lilitangazwa kuwa la kutengeneza aiskrimu zinazotokana na vitamu vya Kituruki: baklava (matabaka membamba ya unga yenye kokwa ndani na shira juu), helva ya ufuta, yaani halua, na, juu ya yote, dondurma ya Maraş, aiskrimu ile inayovutika kama ulimbo na ambayo huko kwao, mjini Kahramanmaraş, huliwa kwa kisu na uma. Mimi nilikwenda kwa ajili ya hiyo ya mwisho, na ndiyo niliyodhulumiwa.

Dondurma halisi ya Maraş haina vitu vingi. Ni maziwa ya mbuzi, sukari na salep, yaani unga wa viazi vya okidi za porini, ambavyo huchemshwa na kukaushwa kabla ya kusagwa. Unga huo ndio unaoyapa maziwa ule uzito wa kuvutika na kuyafanya yasiyeyuke upesi, mradi yapigwe kwa chuma kwa muda mrefu na kwa nguvu. Kilo moja yake hutaka viazi 1,000 au zaidi, na kwa kuwa okidi hizo zinazidi kuadimika, Uturuki imepiga marufuku kuuza salep halisi nje ya nchi. Anayeitaka hana budi kuifuata huko huko, na kwa sababu hiyo ada yao, ambayo haikuwa ndogo, niliiona ni halali.

Mwalimu akaja na pakiti ya dukani. Niliigeuza nikasoma nyuma: sukari, wanga wa mahindi, na kionjo cha salep. Nilimwuliza kwa adabu, tena kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe mbele ya wenzangu, iwapo salep yenyewe ingeletwa baadaye. Alininyang'anya pakiti mkononi, akasema mbele ya wote kwamba wageni hatuwezi kutofautisha, kisha akaendelea kukoroga. Kilichotoka kwenye mashine kilikuwa uji wa wanga uliogandishwa, ambao ulikatika kila tulipojaribu kuuvuta. Yeye akasisitiza kwamba ungevutika kesho yake.

Ningeishia hapo kama si msaidizi wake, kijana mpole aliyetufundisha aiskrimu ya baklava. Alitueleza kwamba shira haimiminwi ndani ya maziwa bila kupunguza sukari nyingine, kwa sababu sukari ikizidi aiskrimu hugoma kuganda. Vipande vya baklava alivipaka siagi, akavirudisha kwenye oveni mpaka vikakauka, akavitia mwishoni kabisa, aiskrimu ikiwa imeshashikana, ili mafuta yazuie unyevu na vibaki vikivunjika mdomoni. Pistachio zake zilikuwa za Gaziantep, zile zinazochumwa mapema zikiwa bado za kijani kibichi, na harufu yake ilijaa chumba kizima. Kuhusu helva alisema mafuta ya ufuta yenyewe huilainisha aiskrimu hata ikitoka kwenye friza. Nimezitengeneza zote mbili nyumbani tangu hapo, na sijawahi kula aiskrimu nzuri kuzishinda.

Kwa hiyo kwa siku kadhaa nilikuwa tayari kuandika kwamba darasa hili linafaa, isipokuwa tu usitarajie dondurma. Kisha nikawaandikia kuomba sehemu ya ada yangu, nikajibiwa kwamba tangazo lilisema ladha ya salep wala si salep. Nililisoma tena, halikusema hivyo. Aliyesema uongo mara ya kwanza mbele yangu na mara ya pili kwa maandishi hastahili hata lira moja, na mapishi ya baklava, kwa uzuri wake wote, hayamsafishi. Msilipe. Au, kama ni lazima mwende, ombeni kuiona na kuinusa salep kabla ya kutoa pesa. Yule kijana akifungua darasa lake mwenyewe, nitajiandikisha siku hiyo hiyo, hata kama halitagusa dondurma kabisa.