Beringi za mbele za Hilux ya zamani: bei rahisi kushoto, Koyo kulia, kilomita 18,000 baadaye

Tairi la mbele kushoto lilianza kuimba nikiwa natoka Malinyi na magunia tisa ya mpunga nyuma. Mwanzoni ulikuwa mvumo mdogo, kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha jirani. Nikikata kona ya kulia unapanda, nikikata ya kushoto unanyamaza. Nikasimama kwenye kivuli, nikashika habu zote mbili, vile vitovu vya tairi vinavyokaliwa na beringi. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto sikuweza kuhesabu hata tatu kabla ya kutoa kiganja.

Gari yenyewe ni Toyota Hilux ya 1994, LN106, injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), ile yenye difu nzima mbele na springi za majani. Kazi yake ni mpunga kwenda, mbolea na saruji kurudi. Nusu ya mwaka inakula vumbi na nusu nyingine inaogelea. Nasema haya ili msomaji mwenye gari inayotembea lami tu ajue kwamba ninayoyaeleza hayatamkuta kwa kasi hii.

Fundi wangu wa Ifakara alipandisha jeki, akashika tairi juu na chini, akatikisa. Linacheza. Kabla sijasema neno akaniambia, "Mzee, panda ukanyage breki." Nikakanyaga, akatikisa tena, mchezo ukaisha. Kajaribio haka kadogo kameniokolea pesa zaidi ya mara moja: breki ikikanyagwa habu na nako (kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi ukikata kona) vinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukipotea tatizo ni beringi za tairi, na ukibaki tatizo ni beringi za nako, ambazo ni kazi nyingine na bei nyingine. Wapo mafundi wanaobadilisha vyote kwa pamoja kwa sababu hawajui kutofautisha, na bili unalipa wewe.

Tulipofungua, grisi ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Beringi ya ndani ilikuwa na rangi ya bluu kwenye rola, ishara kwamba iliungua, na kikombe chake, ile ringi ya nje ambayo rola zinatembea ndani yake, kilikuwa na mistari ya kutu iliyopangika kwa nafasi zilezile za rola. Hayo ni maji. Habu ikiwa ya moto halafu ukaitumbukiza kwenye mto, hewa iliyo ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Tangu siku hiyo nikifika penye maji nasimama dakika kumi kwanza, watu wakinicheka.

Sasa kosa langu. Gari ilikuwa na mzigo, mteja anapiga simu, nikanunua dukani palepale mjini seti yenye boksi la jina kubwa la Kijapani. Bei ilikuwa nusu ya ile niliyowahi kuisikia Dar, na muuzaji akanihakikishia, "Bosi wangu, hii orijino, mzigo umeingia jana." Boksi lilikuwa zuri kuliko hata maboksi ya kweli. Beringi hizo zilikwenda kilomita 2,600. Zilipotoka, kizimba cha rola cha beringi ya nje kilikuwa kimepasuka sehemu mbili, na maandishi ya ubavuni yalikuwa yamefutika kwa kusuguliwa na tamba lenye petroli. Maandishi ya beringi halali yamechorwa kwenye chuma chenyewe, hayafutiki hivyo.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika biashara hii. Beringi ya bei rahisi isiyo na jina haijanidanganya. Imesema bei yake na ubora wake, uamuzi ni wangu. Feki imenitoza pesa ya kati kwa chuma cha chini kabisa, na ikanifanya nisiikague mapema kwa sababu niliamini jina.

Safari iliyofuata ya Dar nikazunguka Gerezani na Kariakoo siku nzima. Unachokutana nacho ni makundi manne. Kuna za Kichina zenye majina usiyoyajua, nilipewa shilingi 18,000 kwa beringi moja. Kuna used zilizotolewa kwenye gari zilizokatwakatwa, 25,000, ambazo baadhi ni nzima kweli, lakini sikuweza kujua ipi imekwenda kilomita ngapi, nikaziacha. Kuna za Kijapani, Koyo na NSK na NTN, kwenye 60,000. Halafu kuna boksi lenyewe la Toyota, ambalo bei yake ilinifanya nishukuru na kuondoka.

Hapo likanijia wazo ambalo mke wangu aliliita uchawi wa kisayansi. Nikanunua seti mbili tofauti: kushoto nifunge za Kichina, kulia nifunge Koyo. Sili mpya pande zote, grisi ya kopo moja, fundi mmoja, siku moja. Nikaandika kilomita kwenye daftari la mafuta.

Kabla ya matokeo, niseme jinsi nilivyozipata hizo Koyo kwa bei ya chini kidogo, maana hili nadhani lina faida kuliko hadithi nyingine yote. Duka la spea za magari ukiliambia "beringi ya mbele ya Hilux" linakuuzia Hilux. Lakini beringi ya nje ya habu hii ina namba yake ya kimataifa, LM102949 kwa kipande chenye rola na LM102910 kwa kikombe, tundu milimita 45.242, kipenyo cha nje 73.431. Namba hiyo si ya Toyota. Viwanda vingi vya beringi vinaitumia. Nilisafisha beringi ya zamani, nikasoma namba za ya nje na ya ndani, nikaenda duka linalouza beringi za mashine, za pampu na vinu, nikataja namba tu. Muuzaji hakuuliza ni gari gani. Akatoa Koyo kwa 52,000, na risiti juu.

Moja ya hizo iliandikwa Romania. Fundi akanuna, akasema Koyo ya kweli ni Japani tu. Si hivyo. Koyo ni ya kampuni ya JTEKT, iliyozaliwa 2006 Koyo Seiko ilipoungana na Toyoda Machine Works, na ina viwanda nchi kadhaa, Romania ikiwemo. Nchi ya kutengenezwa peke yake haitoshi kukuambia kama ni feki. Angalia uchongaji wa namba, angalia kama kikombe na rola vimeandikwa jina moja, pima uzito mkononi ukilinganisha na ya zamani. Kwa wanaonunua SKF kuna programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unapiga picha na kuituma kwao wakague.

Ufungaji nao. Kikombe cha zamani lazima kitoke, hata kama kinaonekana kizima. Rola mpya kwenye kikombe cha zamani ni sawa na kiatu kipya kwenye soli ya mwenzio. Kitolewe kwa kipande cha shaba, kipya kiingizwe kwa kugongwa pande zote kidogo kidogo mpaka mlio wa nyundo ubadilike, uwe mzito. Kama kikombe kinaingia kwa mkono bila kugongwa, habu imekwisha. Nimeona watu wakikizungushia bati la kopo la soda ili kibane. Kinabana, kwa wiki tatu.

Grisi usinunue ile ya kupimiwa kwa kijiko kwenye mfuko. Haijulikani ni ya aina gani, na grisi za asili tofauti zikichanganyika zinaweza kuyeyuka kama uji. Nilichukua kopo la lithiamu komplex namba 2, la joto kali, tukaosha kila kitu kwa dizeli, tukakausha kabisa, kisha tukaisukuma grisi kwa kiganja upande mpana wa beringi mpaka itokeze juu kati ya rola. Angalia pia sili ya ekseli ndani ya nako. Ikivuja, oili ya difu inaingia kwenye nako, inalainisha grisi, na mwisho wa siku inafika kwenye habu. Yangu ya kulia ilikuwa inavuja, tukabadilisha.

Nati ndiyo inayoua beringi nyingi kuliko Wachina. Habu hii ina nati mbili na washa ya kukunja katikati, na nati zinataka boksi ya 54, yaani boksi spana ya milimita 54. Fundi wangu wa kwanza alikuwa anatumia tindo na nyundo, anakaza "mpaka isikie". Nilinunua boksi ya 54 mwenyewe na inakaa ndani ya gari. Unakaza nati ya kwanza kwa nguvu, kama kilo-mita 6 (kipimo cha nguvu ya kukaza, si umbali), unazungusha habu mara kadhaa pande zote mbili ili rola zikae, unalegeza, kisha unakaza tena taratibu mpaka mchezo uishe tu. Kipimo cha mwisho ni mzani wa ndoano, kama ule wa wauza samaki: ndoano kwenye stadi ya tairi, unavuta, habu ianze kuzunguka mahali fulani kati ya kilo 3 na 5 na nusu. Fundi alicheka sana nilipouleta. Sasa anauazima.

Matokeo. Miezi kumi na minne, kilomita 18,000 na kidogo, masika moja nzima katikati.

Kulia, Koyo: nilikaza nati mara moja, kwenye kilomita 1,500, kawaida kwa beringi mpya inayojikalia. Tulipofungua mwisho, grisi ilikuwa bado na rangi yake, rola zinang'aa, vikombe havina alama hata ya kucha kukwama. Tukaweka grisi mpya tukafunga zilezile.

Kushoto, za Kichina: baada ya kukaza kwenye 1,500 kama kulia, mchezo ulirudi kwenye kilomita 4,000, tukakaza tena. Ukarudi tena karibu na 11,000, tukafungua kabisa, tukaosha, tukabadilisha grisi na sili. Mwisho wa majaribio beringi ya nje ilikuwa imefifia mng'ao lakini nzima. Ya ndani, inayobeba mzigo mkubwa, kikombe kilikuwa kimeanza kumomonyoka, vishimo vidogo kama ganda la chungwa. Haikuwa imeanza kelele. Ningeipa miezi mitatu zaidi, na si kwa magunia tisa.

Hesabu sasa. Za Kichina mbili zilinigharimu 36,000, Koyo mbili 104,000. Tofauti ni 68,000. Lakini upande wa kushoto ulifunguliwa mara moja ya ziada na kukazwa mara moja zaidi ya wa kulia: fundi 25,000 mara ya kufungua, 10,000 ya kukaza, sili na grisi 15,000. Hizo ni 50,000, na bado natakiwa kununua beringi ya ndani nyingine. Siku mbili za gari kulala sijazihesabu.

Hata hivyo sitasema za Kichina ni takataka, kwa sababu hazikuniacha njiani. Kama gari inakwenda shamba na kurudi, unafungua mwenyewe, na una subira ya kukagua kila kilomita 5,000, zitakutosha, na ni heri hizo mara kumi kuliko boksi zuri la uongo. Nisingeziweka kwenye gari ya kubeba abiria. Kama pesa inatosha seti moja tu ya Kijapani, nunua beringi za ndani mbili nzuri na za nje za bei rahisi. Ndiyo mpango ambao ningeufuata tangu mwanzo kama ningejua ya ndani ndiyo inayoumia kwanza.

Kushoto nimeshafunga Koyo za namba. Ile ya nje ya Kichina iliyobaki nzima nimeipaka grisi, nimeifunga kwenye nailoni, iko chini ya kiti pamoja na boksi ya 54 na mzani wa samaki. Nyuma bado sijagusa. Kule beringi imebanwa kwenye shafti, inataka presi, na presi ya karibu iko Morogoro.