Nililipa 15,000 kwenye onyesho la kuchangia ukumbi mpya, Jinja

Jumamosi iliyopita nilifunika cherehani mapema, nikapanda boda kutoka Walukuba hadi ukumbi ambao kikundi chetu cha maigizo kimekuwa kikiukodi kwa miaka mingi. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000. Siku za kawaida hulipa 5,000, lakini safari hii fedha yote inakwenda kwenye makao mapya: ghala la zamani la pamba, upande wa reli, ambalo mwenyewe amekubali kuwauzia kwa awamu. Ukitaka kuongeza, mlangoni pana kijana na daftari anauza matofali, 2,000 kila moja. Unapewa stakabadhi yenye namba yako. Hesabu za mwezi uliopita zilikuwa zimebandikwa ukutani, hadi bei ya misumari. Nilisimama nikazisoma zote kabla ya kutoa hata shilingi, na zilinipa moyo.

Mchezo ulichelewa kuanza kwa saa nzima na dakika arobaini. Kwa mtu aliyeacha watoto nyumbani hilo ni kosa kubwa, na wageni wa heshima walioongea kabla ya pazia walilizidisha.

Ila ulipoanza! Ni kisa cha mjane anayesukumwa na shemeji zake atoke kwenye shamba la marehemu. Wanaongea kama tunavyoongea Walukuba: Kiswahili kwa majirani, Lusoga ndani ya ukoo, Luganda mtu akitaka kujikweza. Mzee aliyeigiza mkuu wa ukoo alikaa kimya muda mrefu baada ya mjane kumuuliza, "Baba, mimi nilizaa hapa, sasa nizikwe wapi?" Hakuna aliyekohoa. Mama aliyekaa kushoto kwangu alinishika mkono, na hatujuani.

Mimi ni fundi nguo, kwa hiyo lazima niseme la gomesi ya mjane, lile gauni refu la kina mama lenye mshipi. Mabega yalisimama vizuri na mshipi ulifungwa mahali pake, chini ya kiuno. Lakini mjane aliyenyang'anywa shamba havai kitambaa kipya kinachong'aa namna ile. Wangemvisha iliyopauka, iliyoshonwa tena kwapani, tungemwamini tangu alipotokea.

Kisha mvua ikanyesha. Mabati ya ukumbi ule hayana dari, na sehemu ya hukumu, ile tuliyoingojea jioni nzima, ilimezwa yote. Tuliona midomo ikicheza tu. Waigizaji walipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikatoka, hawakuacha hata neno moja, na bado hatukusikia. Nililia, na haikuwa kwa sababu ya mjane.

Wengine wanauliza kwa nini wasitafute tu ukumbi mwingine wa kupanga. Jibu langu ni embaire. Marimba yetu haya makubwa ya Kisoga, mapande ya mti juu ya vigogo vya migomba, yanataka kuchimbiwa shimo chini yake, maana shimo ndilo linaloupa mlio tumbo. Wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana, watu sita na zaidi kwenye chombo kimoja. Ni mwenye nyumba gani atakuruhusu uchimbe sakafu yake? Wa sasa amekataa, kwa hiyo Jumamosi walipiga juu ya saruji na sauti ikatoka kavu, kama mtu anayegonga meza. Wiki mbili kabla, wachangiaji tulipopelekwa kuliona ghala, walikuwa wamechimba shimo uani. Nililisikia embaire kwenye nyayo kabla halijafika masikioni.

Na bigwala vilevile, tarumbeta zetu za vibuyu, ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Kila kibuyu kina sauti yake moja, kwa hiyo mpigaji mmoja akikosekana wimbo unatoboka. Vijana wale wanahitaji kukutana mara kwa mara, na sasa ukumbi wanaupata jioni mbili tu kwa wiki.

Baba yangu alikuwa akitusimulia wanafunzi wa Makerere waliozunguka nchi na maigizo ya bure kuanzia 1965, mengine kwa Kiswahili. Kampala wana jumba la maigizo la taifa tangu 1959. Sisi tuko kilomita 80 hivi kutoka huko, na nauli ya kwenda na kurudi usiku si ya mtu wa cherehani.

Onyesho litarudiwa Jumamosi mbili zijazo. Nendeni. Kaeni viti vya mbele, vya nyuma vimelegea, na beba maji yako. Chai na mandazi vya kina mama wa nje ni vya uhakika.

Mimi nimenunua matofali kumi na nimeahidi kushona pazia la jukwaa bila malipo. Tumeshapima: mita tisa kwa nne. Kinachonisumbua ni kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Nilivyoonyeshwa barabara kuu vyote ni vyepesi. Anayejua duka linalouza, hapa au Iganga, naomba aniambie kabla mwezi haujaisha.