Sevo ya kilo 25 na vishikio vya rodi: krola lako lianzie wapi?

Habari zenu wadau wa krola, haya magari madogo ya rimoti ya kupanda mawe, karibuni tena. Mmeniuliza mawili: sevo, ile mota ndogo inayokata usukani, ichaguliwe vipi, na vishikio vya rodi, yaani vipande vya kufungia rodi zinazounganisha ekseli na chesisi, vichaguliwe vipi. Leo nipo juu ya jiwe, hapa Mwanza, na mnaoujua mji wetu mnajua sikulazimika kwenda mbali kulitafuta. Jiwe la hapa ni granaiti, kavu, linakwaruza, tairi linashika vizuri mno. Tairi likishika hivi, kila udhaifu wa usukani na wa rodi unajitokeza wenyewe.

Gari ni hili, Axial SCX10 II, toleo la 2016, kipimo cha moja kwa kumi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 312. Nimelileta hili kwa sababu sevo yake imefungwa kwenye chesisi, haikukaa juu ya ekseli, kwa hiyo maswali yenu mawili, la sevo na la vishikio vya rodi, yanakutana sehemu moja.

Nianze na sevo, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotea. Sevo yangu ya kwanza ya kilo 25 niliijaribu nyumbani, gari likiwa limeinuliwa juu ya kigoda. Matairi yalikata kushoto, yakakata kulia, nikafurahi. Nikaja hapa, tairi likaingia kwenye ufa, nikakata usukani, gari zima likazima. Baada ya sekunde hivi taa ya risiva, kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti, ikawaka upya. Nikakata tena, ikazima tena. Nilifungua sevo, nikafungua rimoti, siku tatu natafuta mchawi. Sevo ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa ya umeme tu.

Sikilizeni hapa vizuri. Sevo hailishwi na betri moja kwa moja. Inapata umeme kupitia ESC, kile kifaa kinachoendesha mota ya gari, kwenye kisehemu kinachoitwa BEC, ambacho kazi yake ni kushusha volti za betri. Ya kwangu ilikuwa inatoa volti 6 na ampea 3. Sevo kubwa ikikwama kwenye ufa inaweza kuvuta ampea 4 au 5 kwa mara moja. Volti zinaporomoka, na wa kwanza kuzimia ni risiva, kwa sababu wanagawana chungu kimoja.

Halafu tazameni boksi. Kilo 25 zimeandikwa kwa herufi kubwa, lakini pembeni, kwa herufi ndogo, kuna volti 8.4. Ukiilisha volti 6 hupati kilo 25. Ndiyo maana wenye sevo ya kilo 20 iliyoshiba wananipita kila wiki mimi mwenye kilo 25 yenye njaa.

Dawa ni BEC ya nje. Hii hapa ni ya ampea 10. Waya zake mbili zinakwenda kwenye betri, na upande wa pili unaingia kwenye risiva. Ukiifunga hivi, ichomoe ile waya nyekundu kwenye plagi ya ESC inayoingia risiva, uifunge kwa utepe. Usiiache, kwa sababu utakuwa na vyanzo viwili vya umeme vinavyosukumana. Weka volti zile ambazo sevo yako inaruhusiwa, si zaidi. Ikiwa imeandikwa 7.4, usiipe 8.4 kwa tamaa.

Mtu ameniuliza kama anaweza kuifunga sevo kwenye betri yenyewe. Betri ya lipo ya seli mbili ikijaa inafika volti 8.4, kwa hiyo sevo iliyoandikwa 8.4 itaistahimili. Betri ya seli tatu ikijaa ni 12.6. Hapo utaichoma, labda uwe na sevo iliyotengenezwa mahsusi kwa volti hizo.

Sasa, kilo zenyewe ni za nini? Ni uzito ambao sevo inauvuta ikiwa umening'inizwa sentimita moja kutoka katikati ya mhimili wake. Ukifunga rodi ya usukani kwenye tundu lililo sentimita mbili, umekata nguvu nusu. Mkono wa sevo, hiki kipande cha alumini kinachofungwa kwenye mhimili, una matundu matatu na mimi natumia la ndani kabisa linaloniwezesha bado kukata tairi hadi mwisho. Hesabu pia meno ya mhimili kabla ya kununua mkono. Sevo nyingi za kundi hili zina meno 25, lakini zipo za 23 na za 24, na ukilazimisha utayasaga.

Kasi ya sevo sitaiongelea sana. Kwenye mawe tunatembea taratibu. Kinga ya maji ndiyo, ichukue kama unapita kwenye vidimbwi.

Kitu cha mwisho kwenye sevo, na hiki ni bure: punguza mwisho wa usukani kwenye rimoti. Kata usukani wote, sikiliza. Ukiisikia sevo inaguna huku tairi halisogei tena, inagombana na chuma. Inakula umeme na inapata joto bila faida. Punguza mpaka mguno uishe.

Haya, vishikio vya rodi. Nimeshika viwili, cha plastiki na cha alumini ya rangi. Wengi wanakipenda hiki cha rangi, nami nakubali kinapendeza. Lakini mimi kwanza naangalia matundu yako wapi.

Rodi za nyuma ni nne. Mbili za chini, mbili za juu zilizokaa kama herufi V ili ekseli isitembee kushoto na kulia. Ukizitazama kwa ubavu, za juu na za chini zinakaribiana kuelekea mbele. Zikikaribiana upesi mno, ukikanyaga moto kwenye mwinuko rodi zinasukuma mwili wa gari juu, na tairi la nyuma linaanza kurukaruka badala ya kushika. Gari hili lilikuwa linafanya hivyo kwenye mteremko huu huu nilipokuwa nimeweka kishikio kirefu juu ya ekseli. Nilipandisha ncha ya mbele ya rodi za juu tundu moja kwenye chesisi, rodi zikawa karibu sambamba, kuruka kukapungua kabisa. Skrubu mbili, dakika kumi. Kwa hiyo ukinunua kishikio, tafuta chenye matundu mawili au matatu.

Kwenye ekseli, kishikio cha rodi ya chini kisining'inie chini ya bomba. Kila milimita iliyoshuka pale itakwama kwenye jiwe.

Mbele kuna jambo lake. Sevo ikiwa kwenye chesisi, lazima kuwe na rodi ya panhadi, ile inayokaa mlalo kutoka chesisi hadi ekseli, kama kwenye Land Cruiser 80. Rodi hiyo na rodi ya usukani ziwe sambamba na ziwe na urefu unaokaribiana. Ukibadilisha kishikio cha panhadi kikaja kirefu kuliko cha mwanzo, kila ekseli ikipanda tairi linajikata lenyewe na wewe hujagusa rimoti. Bonyezeni gari kwa mkono namna hii, tazameni tairi. Likigeuka, kishikio hicho hakifai.

Kuhusu madini, plastiki inatosha kama matundu yake hayajapanuka. Alumini inafaa pale skrubu za M3, zile za unene wa milimita 3, zinapokosa kushika. Shaba ya njano ina uzito mara tatu ya alumini, kwa hiyo iweke kwenye ekseli ya mbele, chini, ambako uzito unasaidia kupanda, na usiiweke juu kwenye chesisi. Chuma kwa chuma, tia gundi ya bluu ya skrubu. Kwenye plastiki usitie, kuna plastiki zinazopasuka kwa gundi hiyo.

Sasa naliingiza tairi la kushoto kwenye ule ufa ulioniaibisha. Kipima volti nimekibandika kwenye kioo, kinasoma 7.4. Nakata usukani... 7.3... 7.2... taa ya risiva bado inawaka. Na jiwe limeachia.